Je, Wajua? Msafiri Mmoja Kwenye Njia Panda ya Miti

Je, wajua kwamba Miti, senta ambayo abiria wengi wa Bukavu walikuwa wakiipita mbio kwenda kuwahi ndege Kavumu, ndipo barabara ya Goma na barabara ya Kisangani zinapoachana? Ukinyoosha mbele unakwenda Kavumu, Katana, Kalehe, Minova, hadi Goma. Ukikata kushoto unapanda mlima, unaingia mbuga ya Kahuzi-Biega, unatokea Bunyakiri, kisha Walikale na Lubutu, mpaka Kisangani, zaidi ya kilomita 600 kwa jumla. Bukavu unaiacha nyuma, karibu kilomita 25. Msafiri wa peke yake mwenye siku chache anaweza kulala Bukavu au Miti, akapanda pikipiki asubuhi, na asifike popote ambapo hakuna la kuona.

Je, wajua kwamba mji wa Venezia, Italia, ulianza tarehe 25 Aprili 2024 kuwatoza euro 5 wageni wanaoingia na kutoka siku hiyohiyo? Huko wageni wamewazidi wenyeji. Kwetu historia ipo tele na wageni ni wachache, na wengi wetu tuliozaliwa hapa hatujawahi kupanda hadi Tshivanga, makao ya mbuga, wala kuingia maktaba ya kituo cha utafiti cha Lwiro. Hii naiandika kwa ajili yetu kwanza, kisha kwa mgeni.

Kabla ya kufunga mkoba: waasi wa M23 waliingia uwanja wa ndege wa Kavumu tarehe 14 Februari 2025, na Bukavu tarehe 16. Kwa hiyo hakuna safari ya kuanza bila kuuliza kwanza: mpaka uko wazi? Barabara inapitika? Mbuga inapokea watu? Waulize walioko hapa wiki hii, si waliopita mwaka jana.

Je, wajua Bukavu ilianza lini kama mji? Wabelgiji waliweka kituo chao mwaka 1901, kwenye ardhi ya Bushi iliyokuwa na bami, yaani wafalme wake, zamani sana kabla yao. Baadaye wakauita Costermansville, kwa heshima ya Paul Costermans, afisa mkubwa wa utawala wa Mfalme Leopold aliyefariki mwaka 1905. Jina la Bukavu lilirudi rasmi mwaka 1954, miaka sita kabla ya uhuru.

Rasi za Bukavu ni tano. Ukizitazama kutoka juu, zinaingia Ziwa Kivu kama vidole vya mkono, na moja inaitwa La Botte kwa sababu ina umbo la kiatu cha buti. Italia nzima ina umbo hilohilo kwenye ramani, lakini buti la Bukavu unalimaliza kwa miguu kabla ya chakula cha mchana.

Je, wajua kwamba nyumba nyingi za zamani za Bukavu, hasa kwenye barabara ya Patrice Lumumba, zilijengwa kati ya miaka ya 1930 na 1950 kwa mtindo wa art deco, wenye kona za mviringo na mistari mirefu iliyonyooka? Zipo zilizopasuka, zipo zilizopakwa rangi za matangazo ya simu, na nyingine zimezingirwa na vibanda kiasi kwamba kuziona kunahitaji kusimama upande wa pili wa barabara na kuinua macho. Inuka mapema, saa kumi na mbili au saa moja, kabla foleni haijaanza. Ningependa kuona kibao kimoja tu kwenye kila jengo, chenye mwaka na jina la aliyelichora. Kazi hiyo haihitaji mfadhili kutoka mbali.

Je, wajua Mulamba wa Place Mulamba alikuwa nani? Ni Kanali Léonard Mulamba, aliyeuokoa mji huu mwezi Agosti 1964 waasi wa Simba walipoushambulia. Mwaka uliofuata akawa Waziri Mkuu wa nchi. Kila siku maelfu ya watu hushuka kwenye teksi katika uwanja huo wenye jina lake.

Na wajua kwamba miaka mitatu tu baada ya shambulio hilo mji huohuo ulitekwa na mamluki? Agosti 1967, Mbelgiji Jean Schramme aliingia Bukavu akiwa na mamluki wa Kizungu na askari wa Katanga, akaishika kwa muda wa miezi mitatu jeshi la taifa likiizingira. Mwanzoni mwa Novemba walivuka mto Ruzizi wakaingia Rwanda. Mji waliouacha ulikuwa magofu katika sehemu nyingi. Wazee waliouona ukijengwa upya wapo bado, na mgeni mwenye adabu akiketi na mmoja wao kwa saa moja atapata zaidi ya alichosoma kitabuni.

Je, wajua kwamba mbele ya kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix wamelala maaskofu wakuu ambao Bukavu haiwasahau? Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliuawa barabarani Nyawera tarehe 29 Oktoba 1996, vita vilipoingia mjini. Kwa miezi mingi alikuwa ameandika na kusema waziwazi juu ya hatari iliyokuwa inakuja. Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, alifukuzwa na utawala wa waasi walioushika mji wakati huo, mwanzoni mwa mwaka 2000, akapelekwa Butembo kwa sababu ya barua yake ya Krismasi. Aliporudi Septemba mwaka huohuo, mji ulimwagika barabarani kumpokea. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Oktoba, alifariki akiwa safarini Roma. Simama hapo kimya kidogo. Usipige picha kwanza.

Na kwa kuwa tumeitaja Roma: je, wajua kwamba Mkongo mmoja alizuru mji huo zaidi ya miaka 400 iliyopita, na siku zake huko zilikuwa chache mno? Antonio Manuel Nsaku Ne Vunda alitumwa na mfalme Alvaro II wa Kongo kuwa balozi kwa Baba Mtakatifu. Aliondoka nyumbani mwaka 1604. Njiani maharamia wa Kiholanzi wakampora, akakwama Hispania kwa muda mrefu, na wengi wa wenzake wakafa. Alifika Roma mwanzoni mwa Januari 1608 akiwa mgonjwa sana. Papa Paulo V alimwendea mwenyewe kitandani. Usiku wa kuamkia sikukuu ya Epifania, tarehe 6 Januari, balozi akafa. Mapokezi makubwa yaliyoandaliwa kwa ajili yake yakageuka mazishi.

Alizikwa katika basilika la Santa Maria Maggiore, na sanamu yake ya kifua, yenye uso wa jiwe jeusi, iko humo hadi leo. Kongo ya Alvaro iko mbali sana na Kivu, kule kwenye Atlantiki, lakini Mkongo yeyote anayepita Roma ana jamaa wa kumwamkia katika kanisa hilo. Na tangu Aprili 2025 Papa Fransisko naye amezikwa humohumo, yeye aliyekuja Kinshasa mwaka 2023 na kuwasikiliza uso kwa uso watu wa mashariki waliokatwa viungo, waliobakwa na waliofiwa, baada ya safari yake ya Goma kushindikana kwa sababu ya vita.

Je, wajua kwamba njia ya Italia na Kivu ina wasafiri wa kwenda na wa kuja? Shirika la Wasaveri, lililoanzishwa mjini Parma na Guido Maria Conforti mwaka 1895, lilileta wamisionari wake wa kwanza Kongo mwaka 1958, upande wa Uvira. Wasaveri watatu, mapadre Luigi Carrara na Giovanni Didonè na bruda Vittorio Faccin, waliuawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, siku moja na padre wetu Albert Joubert. Wote wanne walitangazwa wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024.

Wasaveri ndio waliokusanya vitu vya Jumba la Makumbusho la Kivu, katika nyumba yao ya Muhumba, Bukavu. Nenda. Utaona kazi za Walega: vinyago vidogo vya mti na vya pembe, vilivyotumiwa na chama cha Bwami. Kwa Walega mtu hakupanda ngazi za Bwami kwa nguvu wala kwa mali peke yake. Alipanda kwa tabia, na kila kinyago kilishika fundisho lake, la mtu mwenye tamaa, mzee mwenye busara, mke mwenye heshima. Vinyago vingi vya aina hiyo viko Ulaya na Marekani nyuma ya vioo vya makumbusho makubwa. Kuviona Bukavu, safari ya gari kutoka misitu vilikotoka, ni jambo ambalo kila mwanafunzi wa Kivu Kusini angestahili kulipata kabla ya kumaliza sekondari.

Je, wajua kwamba Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, alizaliwa Bukavu mwaka 1955? Hospitali ya Panzi aliianzisha mwaka 1999. Panzi si mahali pa kutalii. Wagonjwa waachwe na faragha yao.

Je, wajua kwamba sambaza, samaki mdogo anayekaangwa kila jioni Bukavu, hakuwa wa ziwa hili? Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo huwezi kuifikiria Kivu bila wavuvi wanaotoka usiku na taa, mitumbwi mitatu ikiwa imeunganishwa kwa miti mirefu, wakiimba ili wapige kasia kwa pamoja. Kula sambaza na bugali na sombe, kwa mkono.

Ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, kina chake kinafika karibu mita 480. Halina mamba wala kiboko. Chini kabisa limebeba gesi: kaboni dioksidi takriban kilomita za ujazo 300, na methani karibu 60. Upande wa Rwanda, karibu na Karongi, kiwanda cha KivuWatt kinavuta methani hiyo na kuzalisha umeme, megawati 26, tangu mwaka 2016.

Je, wajua kwamba Kivu zamani ilimwaga maji yake kaskazini? Volkano za Virunga ziliziba njia, ziwa likajaa, na maji yakatafuta tundu kusini: Ruzizi. Sasa fikiria mvua inayonyesha juu ya Miti, kwenye mgongo wa milima ya Mitumba. Tone linaloangukia mashariki linashuka Kivu, linapita Ruzizi hadi Tanganyika, linatoka kwa mto Lukuga karibu na Kalemie na kuingia Lualaba, mwanzo wa mto Kongo. Tone linaloangukia magharibi, hatua chache tu kutoka hapo, linashuka moja kwa moja msituni kuelekea Lualaba hiyohiyo. Yatakutana katika mto Kongo, na yote mawili yatafika Atlantiki.

Sasa tukate kushoto pale Miti.

Njia inapanda kati ya mashamba ya ndizi, maharage na chai, na baridi inaongezeka, beba koti. Je, wajua kwamba mbuga ya Kahuzi-Biega, ambayo makao yake ya Tshivanga yako juu ya njia hii, ilitangazwa mwaka 1970, na kazi ya kuwazoesha gorila kuona watu ilianza hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya utalii wa gorila kuwa maarufu Rwanda na Uganda? Mbelgiji Adrien Deschryver aliizoesha familia ya dume aliyeitwa Kasimir mpaka wageni wakaweza kusogea karibu. Mwaka 1975 mbuga ikatanuliwa kutoka kilomita za mraba 600 hadi 6,000, ikashika msitu wa bonde upande wa magharibi. UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1980, na mwaka 1997 ikaiingiza kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Milima yenyewe? Kahuzi ina mita 3,308, Biega 2,790. Zote mbili ni volkano zilizozimika.

Gorila wa hapa ni gorila wa Grauer. Anaishi Kongo peke yake, hakuna nchi nyingine duniani inayomjua msituni mwake. Ndiye nyani mkubwa kuliko wote. Dume mwenye mgongo wa fedha hufikia kilo 200 na kupita. Mianzi inapochipua wakati wa mvua, familia hupanda kuifuata. Maheshe, dume aliyependwa na wageni wengi, aliuawa na majangili mwaka 1993. Vita vikafuata: katika eneo la juu la mbuga gorila walikuwa takriban 250 katikati ya miaka ya 1990, na kufikia mwaka 2000 walibaki karibu 130. Walinzi waliobaki kazini miaka hiyo, wengine bila mshahara, wengine bila kurudi nyumbani, ndio sababu bado kuna kitu cha kuona. Ukifika, wasalimie kwa mkono na uwaulize majina yao.

Ukiwa mbele ya gorila: saa moja tu, kifuniko cha mdomo, umbali wa mita kadhaa, na mtu mwenye mafua abaki chini. Mafua yetu yanawaua.

Lakini je, wajua mbuga hii ilikuwa nyumba ya nani? Batwa waliishi katika msitu huu, wakiwinda, wakichuma dawa, wakizika wafu wao humo. Katika miaka ya 1970 walitolewa kwa ajili ya mbuga, bila ridhaa yao na bila fidia. Kizazi kizima kimekulia pembeni ya msitu, kwenye vijiji visivyo na ardhi, kikiangalia wageni wakipita kwenda kutazama wanyama ambao babu zao waliwajua njia zao zote. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Tume ilitaka warudishiwe ardhi yao ya asili na walipwe fidia. Naiona hii kuwa habari kubwa kuliko gorila wote niliowataja juu, na mgeni anayelipia kibali cha kuingia anastahili kuambiwa kabla ya kuvaa mabuti.

Rudi chini, uipite Miti kuelekea Kavumu, kisha uulize njia ya Lwiro. Uliza kwa adabu: mkubwa ni papa au mama, na ukianza na "Asinge", salamu ya lugha ya Mashi, utaonyeshwa njia hadi mlangoni. Je, wajua kwamba huko, katikati ya vijiji vya Bushi, limesimama jumba la matofali kama kasri, lenye nguzo, bustani na maktaba ya mbao iliyojaa vitabu? Ni kituo cha IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947, ambayo leo ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, CRSN. Hapa walipima matetemeko ya ardhi, wakakusanya nyoka, samaki na mimea, wakatibu watoto wenye utapiamlo katika hospitali ambayo jina lake lilijulikana hadi vyuo vya Ulaya. Watafiti wa Kongo wameendelea kufanya kazi humo kupitia vita, wakitunza makusanyo kwa njia haba walizonazo. Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilipoangusha nyumba na makanisa Bukavu na wilayani Rusizi, Rwanda, watu wa kueleza kilichotokea walikuwa hapahapa.

Jirani na kituo wanaishi sokwe zaidi ya mia moja, pamoja na nyani na tumbili, katika kituo cha kuwahifadhi kilichoanzishwa mwaka 2002. Wengi waliokolewa wakiwa wachanga, baada ya mama zao kuuawa kwa ajili ya nyama. Usinunue mnyama wa msituni hata kwa huruma. Kila anayenunuliwa, mwindaji hurudi kutafuta mwingine.

Je, wajua kwamba kwinini inatoka kwenye gome la mti wa Andes unaoota vizuri kwenye vilima vya Kivu? Bukavu ina kiwanda cha kuikamua, Pharmakina, kilichowahi kuwa kati ya vikubwa duniani. Italia nayo, ilipokuwa ikisumbuliwa na malaria, ilipitisha sheria mwaka 1900 ya kuuza kwinini ya serikali kwa bei nafuu, na watu wakainunua kwenye maduka ya tumbaku.

Mambo madogo ya mfukoni. Dola zinapokelewa, lakini noti iliyochanika hata kidogo itarudishwa. Faranga ni za pikipiki, soko na maji. Usipige picha madaraja, askari, wala uwanja wa ndege. Wamama wanaopanda mlima na mizigo mizito mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, wasipigwe picha bila kuombwa ruhusa. Saa ya Bukavu iko mbele ya saa ya Kinshasa kwa saa moja.

Na kwa atakayebaki na siku ya ziada: je, wajua kwamba Idjwi, kisiwa kirefu unachokiona ukiwa njia ya Katana, ndicho kisiwa kikubwa cha pili katika maziwa ya Afrika, baada ya Ukerewe? Katika miaka ya 1960 watafiti waligundua jambo la ajabu huko. Udongo wa kisiwa kizima una upungufu wa iodini, lakini goita, ule uvimbe wa shingoni, ilijaa sehemu za kaskazini na kuwa haba kusini-magharibi. Tofauti waliitafuta kwenye sahani, wakaikuta kwenye muhogo: usipotayarishwa vizuri, unazuia mwili kutumia hata ile iodini kidogo iliyopo. Kazi hiyo ya Idjwi imesaidia kueleza goita kwa watu wanaoishi kwa muhogo popote walipo. Boti za Idjwi huondoka Bukavu. Fika bandarini asubuhi, uliza bei kabla ya kupanda, na ukae upande wa kivuli.